Kozi ya matatizo ya jamii mtandaoni si ya mteremko

Wanafunzi wengi wa vyuo vya Marekani huichagua kozi ya sosholojia inayohusu matatizo ya jamii, tena ile ya mtandaoni, wakidhani kuwa ni rahisi kwa sababu kila mtu ana lake la kusema juu ya umaskini na uhalifu. Sivyo. Kozi ya krediti 3 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi chuoni) hukadiriwa kuchukua saa 9 hivi kwa wiki katika muhula wa wiki 15, na ikibanwa katika wiki 8, saa hizo hukaribia maradufu.

Maoni nayo hayatoshi. Mwaka 1959, mwanasosholojia wa Marekani C. Wright Mills alieleza kwamba mtu mmoja akikosa kazi katika mji wa watu 100,000, hiyo ni shida yake binafsi. Lakini wakikosa milioni 15 katika taifa lenye wafanyakazi milioni 50, chanzo kitafutwe katika muundo wa jamii yenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwamba wasio na kazi ni wavivu (jibu ambalo, kusema kweli, hata barazani lingepingwa) ataulizwa aeleze, kwa takwimu, kwa nini uvivu huo uliwakumba wote mwezi uleule kiwanda kilipofungwa.