Safari ya meli ya bure kwa wahudumu wa dharura: bure hiyo ni ya nini hasa?

Kampuni ya meli za kitalii inapotangaza kwamba polisi, askari wa zimamoto na wahudumu wa ambulensi watasafiri bure, kinachosamehewa ni nauli. Basi. Kodi, ada za bandari, bakshishi ya wafanyakazi wa melini na bili ya baa vinabaki juu ya msafiri, na mara nyingi mwenzake wa chumba analipa nauli kama abiria mwingine yeyote. Ofa inaweza kuwa nzuri hata hivyo, ila anayedhani amepewa safari nzima atashtuka akifika kwenye malipo.

Mfano ulio wazi uko Florida. Margaritaville at Sea, kampuni iliyochukua jina hilo mwaka 2022 badala ya Bahamas Paradise Cruise Line, imekuwa na mpango unaoitwa Heroes Sail Free. Meli yake Paradise, iliyoundwa mwaka 1991 na kutembea miaka mingi kwa jina la Costa Classica, hung'oa nanga Port of Palm Beach, asubuhi yake iko Freeport katika kisiwa cha Grand Bahama nchini Bahamas, kisha inageuza. Ni safari ya usiku mbili. Wanaolengwa ni wanajeshi na wastaafu wa jeshi, polisi, zimamoto, watu wa ambulensi. Hata walimu wamewahi kuingizwa kwenye orodha.

Sasa, nani anahesabiwa kuwa mhudumu wa dharura? Hapo ndipo maswali mengi hutokea, kwa sababu Marekani haina ufafanuzi mmoja unaomfunga kila mtu. Agizo la rais la Desemba 2003 kuhusu maandalizi ya maafa liliwataja wale ambao, mwanzoni mwa tukio, wana jukumu la kulinda maisha, mali, ushahidi na mazingira, kisha likawajumuisha hata watu wa afya ya umma, wa tiba na wa kazi za miundombinu. Ni upana mkubwa. Kampuni za meli hazilazimiki kuufuata. Kila moja huandika orodha yake kwenye masharti ya ofa, na orodha hiyo ndiyo sheria.

Chukua mpokea simu wa 911, namba ya dharura ya Marekani. Ndiye sauti ya kwanza anayoisikia mtu ambaye mtoto wake hapumui, ndiye anayemwelekeza namna ya kukandamiza kifua hadi ambulensi ifike. Lakini katika mfumo wa serikali ya Marekani wa kupanga ajira, kazi yake imewekwa kwenye kundi la kazi za ofisi na utawala, si kundi la kazi za ulinzi walimo polisi na zimamoto. Wenyewe wamelipigia kelele jambo hilo hadi kwenye Bunge la Congress. Ofa ikiandikwa na mtu asiyejua mgogoro huo, mpokea simu anaweza kuachwa nje kwa kusahauliwa tu. Zimamoto wa kujitolea nao wana tabu yao: Marekani mwaka 2020 walikuwa takriban asilimia 65 ya zimamoto wote, na wengi hawana hati ya mshahara ya kuonyesha. Kwao barua ya mkuu wa kituo au kitambulisho cha kikosi ndicho kinachofungua mlango. Na kwa ndugu zetu wengi walioko Marekani wanaofanya kazi za uuguzi na kutunza wazee: nesi mwenye leseni huenda akakubaliwa, msaidizi wa nesi ni suala jingine. Soma orodha neno kwa neno kabla ya kuomba likizo kazini.

Turudi kwenye hesabu. Nauli za meli hutangazwa kwa kichwa kimoja, lakini kwa sharti la watu wawili chumbani. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, zimamoto wa Orlando na mkewe wanachukua safari ya usiku mbili. Nauli ya mume imefutwa. Ya mke ni dola 90. Kodi na ada za bandari, dola 120 kwa kila mtu, zinafika 240. Bakshishi dola 18 kwa kila mtu kwa siku, kwa siku mbili, inakuwa 72. Jumla dola 402, kabla ya maegesho ya gari bandarini, kabla ya soda ya kwanza. Kwa malazi, usafiri na mlo wa watu wawili si bei mbaya hata kidogo. Lakini ni dola 402 na si sifuri, na aliyesamehewa nauli amesamehewa pengine kipande kilicho kidogo kuliko kodi na ada za bandari.

Kwa nini kampuni inasamehe kipande hicho na si kingine? Kodi na ada za bandari kwa sehemu kubwa si mali yake; inakusanya na kupeleka kwa serikali na mamlaka za bandari. Nauli ni yake, inaweza kufanya nayo itakalo. Kisha kuna suala la chumba kitupu. Meli ikishaondoka gatini, kitanda kisicho na mtu kimekula hasara isiyofidika, maana mafuta yamechomwa, wapishi wamelipwa, umeme unawaka vilevile. Katika biashara hii kujaa hupimwa kwa watu wawili kila chumba, hivyo familia zenye watoto huisukuma hesabu kupita mia: Royal Caribbean Group, kampuni kubwa ya meli za kitalii, iliripoti asilimia 105.6 kwa mwaka 2023. Kwenye soko la namna hiyo, chumba kitupu ni aibu.

Halafu kuna pesa ya ndani. Katika mwaka huohuo wa 2023 kundi hilo la Royal Caribbean liliingiza takriban dola bilioni 13.9, na kati ya hizo karibu bilioni 4.3 hazikutoka kwenye tiketi bali kwenye vinywaji, kasino, intaneti, matembezi ya nchi kavu na mapato mengine ya aina hiyo. Abiria aliyepanda bila nauli bado ana kiu. Bado ana mke anayetaka kukandwa mgongo kwenye spaa na rafiki aliyelipa nauli kamili ili waende pamoja. Sioni ubaya wa kampuni kufikiri hivyo. Ubaya ni tangazo linaloificha hesabu hii nyuma ya bendera na neno shujaa.

Freeport nayo haikuchaguliwa kwa uzuri wa fukwe peke yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli ya bendera ya kigeni, yaani iliyosajiliwa nchi nyingine, kubeba abiria kati ya bandari za nchi hiyo, na meli kubwa za kitalii karibu zote hupeperusha bendera za Bahamas, Panama, Malta na kwingineko. Ndiyo maana safari inayoanza na kuishia Florida kwa kawaida hugusa nchi nyingine njiani, na Bahamas ndiyo jirani wa karibu. Kugusa huko kuna tozo zake, na hizo ndizo unazoziona kwenye ankara.

Bure nyingine ilionekana Septemba 2019, baada ya kimbunga Dorian kuivuruga Grand Bahama. Grand Celebration, meli ya Bahamas Paradise wakati huo, ilipeleka misaada na watu wa kujitolea Freeport, ikarudi Palm Beach na wakazi zaidi ya 1,000 waliokimbia. Pale hapakuwa na ankara ya bakshishi.

Ukiamua kuomba, yapo mambo mawili ambayo tangazo halitakukumbusha. La kwanza ni kanuni za zawadi za mwajiri wako. Mtumishi wa serikali kuu ya Marekani kwa kawaida haruhusiwi kupokea kwa sababu ya cheo chake zawadi ya zaidi ya dola 20 kwa mara moja, wala zaidi ya 50 kwa mwaka kutoka chanzo kimoja. Ofa zilizo wazi kwa kundi pana zina nafuu yake, lakini idara za polisi za miji na kaunti zina kanuni zao, nyingine kali zaidi. Muulize afisa maadili, upate jibu kwa maandishi.

La pili ni karatasi. Raia wa Marekani kwenye safari inayoanza na kuishia bandari moja anaweza kurudi kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha, na matangazo mengi humwandikia huyo. Asiye raia asifuate mkumbo. Kwenda Freeport ni kutoka nje ya Marekani: mwenye green card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, aibebe, na mwenye visa ya kuingia mara moja apate ushauri wa uhamiaji kabla ya kuthibitisha safari, kwa sababu chumba cha bure hakimhakikishii kuruhusiwa kuingia tena.