Kutenda na kutendua: namna ninavyofundisha kinyume cha funksheni

Nikifundisha kinyume cha funksheni huanza na sarufi, namba huja baadaye. Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, tega, tegua. Kitenzi cha pili hufuta kazi ya kile cha kwanza na kukurudisha ulipokuwa. Anayelijua hilo ana wazo lenyewe tayari, na kilichobaki ni kumwonyesha linavyoandikwa.

Funksheni ni kanuni inayopokea namba na kutoa jibu moja tu. Ukiipa namba ileile, jibu ni lilelile. Funksheni ya mstari hufanya mambo mawili: huzidisha kwa namba maalumu, kisha hujumlisha namba maalumu. Tunaiandika y = mx + c, x ikiwa namba inayoingia na y jibu linalotoka. Kwenye grafu huwa mstari mnyoofu. M ni mteremko wake, na c ni pale mstari unapokata mhimili wa y.

Mfano wangu wa kila mwaka ni wa vipimo vya joto. Kutoka Selsiasi kwenda Farenhaiti, F = 1.8C + 32. Maji huganda kwenye 0, yaani 32, na huchemka kwenye 100, yaani 212. Sasa tuseme umesoma 86 za Farenhaiti na unataka Selsiasi. Daftari baada ya daftari nimekuta hesabu hii: 86 ÷ 1.8 = 47.78, kisha 47.78 − 32 = 15.78.

Itazame vizuri kabla ya kuikata kwa wino mwekundu. Aliyeiandika anajua kwamba kugawanya hutendua kuzidisha, na kutoa hutendua kujumlisha. Alichokosea ni mfuatano. Kanuni ilizidisha kwanza, ikajumlisha mwisho, na kilichofanywa mwisho ndicho cha kutenduliwa kwanza. Mzigo ukifungwa fundo juu ya fundo, la chini hulifikii mpaka la juu lifunguke. Kwa hiyo 86 − 32 = 54, kisha 54 ÷ 1.8 = 30. Rudi ulikotoka uhakikishe: 30 × 1.8 = 54, ongeza 32, unapata 86.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kutatua mlinganyo wa mstari na kutafuta kinyume ni kazi moja. 1.8C + 32 = 86 ni swali: ni namba gani iliyoingia hata ikatoka 86? Mlinganyo hutendua kwa namba hiyo moja; kinyume, C = (F − 32) ÷ 1.8, hutendua kwa namba yoyote utakayokiletea.

Tukiipa kanuni jina f, alama ya kinyume chake ni f⁻¹, aliyoitumia mwanahisabati Mwingereza John Herschel mwaka 1813, na inawaponza wengi kwa sababu hiyo −1 inafanana na kipeo. Si kipeo. Kwa kanuni yetu f⁻¹(86) ni 30, ilhali 1 ÷ f(86) ni kama 0.005. Ni vitu viwili visivyohusiana kabisa.

Chora sasa mistari yote miwili, wa kanuni na wa kinyume chake, kwenye karatasi moja. Nukta (0, 32) inakuwa (32, 0); nukta (100, 212) inakuwa (212, 100). Ukiikunja karatasi kwenye mstari y = x, mmoja unalala juu ya mwenzake. Mistari hiyo hukatana palepale kwenye ukunjo, mahali ambapo kinachoingia ndicho kinachotoka: x = 1.8x + 32, yaani x = −40. Kwenye baridi hiyo vipimajoto vya aina zote mbili husoma namba moja. Nawasihi wanafunzi waikunje karatasi kwa mikono yao, kwa kuwa aliyeuona ukunjo huo hasahau.

Si kila kitenzi kina kutendua. Karatasi ikishaungua hakuna neno la kuirudisha. Vivyo hivyo y = 7, yenye mteremko 0, hugeuza kila namba kuwa 7, na ukiishika hiyo 7 huwezi kujua ilitoka wapi. Mstari wowote wenye mteremko usio 0 una kinyume. Kwa y = x², 5 na −5 zote hutoa 25, hivyo hatuna budi kuchukua x zisizo hasi pekee; hapo ndipo kipeuo cha pili kinapoweza kutendua.

Kuna jingine ninalolipenda. Anders Celsius alipotangaza kipimo chake mwaka 1742, aliweka 0 penye kuchemka na 100 penye kuganda, kinyume cha tulivyozoea. Kuhamia kipimo cha sasa kanuni ni f(x) = 100 − x: 70 yake ni 30 yetu. Na kurudi? 100 − 30 = 70. Kanuni hiyo hujitendua yenyewe, kama kitenzi geuza: karatasi uliyoigeuza huirudisha kwa kuigeuza tena.