Je, wajua? Maabara hujuaje kuwa uvimbe ni saratani

Mtu ana uvimbe shingoni. Daktari ameushika na kuuliza maswali, mgonjwa amepigwa ultrasound na pengine CT scan, na mwisho wa yote anaambiwa: "Itabidi tukate kinyama tukipeleke maabara." Hapo manung'uniko huanza. Mashine zote zile, fedha zote zile, bado hawajajua tu?

Hawajajua, na si uzembe. Picha huonyesha uvimbe ulipo, ukubwa wake na viungo unavyovigusa, lakini haionyeshi seli. Shingoni hapo hapo, kifua kikuu cha tezi, limfoma (saratani ya seli za kinga) na saratani iliyosambaa kutoka kooni huweza kufanana kwa mkono na kwa picha. Cha kwanza hutibiwa kwa dawa za TB kwa miezi sita, ya pili kwa dripu za dawa za saratani, ya tatu mara nyingi kwa mionzi. Ukikosea jina umekosea tiba. Na jina hilo hutolewa na mtu ambaye mgonjwa kwa kawaida hamwoni kabisa: daktari wa patholojia, anayechunguza tishu kwa hadubini.

Kazi yake huweza kuharibika mapema, kabla kinyama hakijamfikia. Tishu ikishakatwa haipati damu tena, na vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kuila. Ndiyo maana hutumbukizwa mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10, tena ya kutosha: kanuni inayofundishwa ni ujazo wa mara 10 ya kinyama chenyewe. Fomalini hushikanisha protini zikabaki zilivyokuwa. Tatizo ni kwamba hupenya polepole, milimita moja kwa saa au pungufu. Titi zima likiachwa kwenye ndoo bila kupasuliwa, nje litakazika vizuri huku katikati likiendelea kuoza.

Chupa husindikizwa na fomu, na fomu nayo ni kipimo. Kuna zinazofika zimeandikwa "uvimbe, pima" basi. Mwanapatholojia anataka kujua umri, kinyama kimetoka wapi hasa, dalili zilianza lini, mgonjwa ametumia dawa gani na picha zilionyesha nini. Mfupa uliovunjika, ukiwa unaunga, hutengeneza tishu changa yenye seli nyingi zinazogawanyika, na asiyejua habari ya kuvunjika anaweza kuiona chini ya hadubini akadhani ni saratani ya mfupa. Kwa uvimbe wa mifupa, wataalamu makini hawasaini jibu kabla ya kuiona eksirei.

Kinyama kikubwa hupimwa kwanza kwa rula na mizani, kisha hukatwa na kutazamwa kwa macho. Kabla ya kukikata, kingo zake hupakwa wino. Wino huo hustahimili hatua zote zinazofuata na huonekana chini ya hadubini kama mstari wa rangi ukingoni. Seli za saratani zikiugusa, maana yake kisu cha daktari wa upasuaji kilipita ndani ya ugonjwa, na huenda kuna uliobaki mwilini.

Vipande vilivyochaguliwa huingia kwenye mashine, mara nyingi usiku kucha. Alkoholi inayoongezwa nguvu hatua kwa hatua huondoa maji, kemikali iitwayo zailini huondoa alkoholi, kisha nta iliyoyeyushwa kwa takriban nyuzi 60 za Selsiasi hujaza nafasi zote. Nta ikipoa hupatikana bloku ngumu yenye tishu ndani yake. Fundi sanifu wa maabara huifunga bloku kwenye mashine ya kukatia na kuzungusha mpini. Kila mzunguko hutoa kipande cha unene wa mikromita 3 hadi 5, mikromita ikiwa ni sehemu ya elfu ya milimita. Kwa unene wa mikromita 4, milimita moja ya tishu hutoa vipande 250. Vipande hutoka vimeshikana kama utepe, huwekwa juu ya maji ya vuguvugu ili mikunjo inyooke, kisha fundi huviopoa kwa slaidi ya kioo. Huo ni ufundi wa mkono. Kisu kikiwa butu, au fundi akiharakisha, daktari ataletewa tishu iliyochanika.

Ukitazama slaidi hiyo bila rangi huoni kitu cha maana. Rangi mbili zinazotumika duniani kote tangu karne ya 19 ni hematoksilini na eosini. Ya kwanza hutoka kwenye gogo la mti unaoota maeneo ya Campeche huko Meksiko, na hupaka viini vya seli rangi ya samawati iliyoiva. Ya pili hupaka sehemu zilizobaki waridi. Pamoja na maendeleo yote ya sayansi ya jeni, uamuzi mwingi kuhusu saratani bado huanzia kwenye rangi hizi mbili.

Daktari wa patholojia huanza na lenzi ya ukuzaji mdogo. Anatafuta mpangilio, kama mtu anayeutazama mji kutoka angani akatambua mara moja mtaa uliopimwa viwanja na ule uliojengwa holela. Katika utumbo mpana wenye afya, tezi zimesimama sambamba, viini vyote vimekaa chini na ute uko juu. Katika saratani tezi zimeshikana ovyo, viini ni vikubwa, vyeusi, vya ukubwa tofauti na vimepandana. Akikuza zaidi huona seli zinazogawanyika, nyingine zikijigawa pande tatu badala ya mbili.

Hata hivyo, sura mbaya ya seli peke yake haitoshi. Kidonda kinachopona kina seli zenye sura ya kutisha. Swali zito ni kama seli zimevuka mpaka. Chini ya kila ngozi na kila utando wa ndani ya mwili kuna utando mwembamba wa msingi. Katika mlango wa kizazi, seli zilizobadilika sana lakini hazijauvuka utando huo huitwa mabadiliko ya awali, na mara nyingi hutibiwa kwa kuondoa sehemu ndogo tu. Zikiuvuka ni saratani vamizi, na mazungumzo na mgonjwa hubadilika kabisa. Ndiyo maana majibu ya sindano nyembamba, ambayo hufyonza seli moja moja bila mpangilio wake, wakati mwingine hufuatiwa na ombi la kinyama kamili. Wengi hudhani wanarudishwa kwa sababu kipimo cha kwanza kilikosewa, kumbe kilifikia mwisho wa uwezo wake.

Baada ya hapo huja kutaja ukoo. Saratani ya seli za utando wa nje na wa ndani huitwa kasinoma. Ya misuli, mifupa na mafuta, sakoma. Ya seli za kinga, limfoma. Ndani ya koo hizo kuna matawi mengi, na vitabu vya Shirika la Afya Duniani vinavyoyapanga hutolewa na kitengo chake cha utafiti wa saratani kilichoko Lyon, Ufaransa. Saratani ya umio, ambayo Afrika Mashariki inaijua vizuri, hapa kwetu kwa sehemu kubwa ni ya seli bapa, na huonekana kwa vifundo vya keratini, protini ngumu ya ngozi na kucha. Katika nchi za Magharibi ile ya tezi ndiyo imeongezeka.

Mfano mzuri kuliko yote wa nguvu ya kupanga koo ulitokea jirani. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika taya, juu na chini, kulia na kushoto. Haukupita muda akamwona mwingine wa namna ile, na alipofuatilia akagundua kuwa watoto wenye taya zilizovimba mara nyingi walikuwa na uvimbe pia tumboni, kwenye figo au kwenye ovari. Mwaka 1958 aliandika makala akiuita sakoma ya taya. Wanapatholojia wa Kampala, Gregory O'Conor na Jack Davies, walipochambua saratani za watoto zilizokusanywa pale, waliona kuwa uvimbe wa taya na ule wa tumboni una seli zile zile, na seli hizo ni za limfoma. Magonjwa yaliyodhaniwa kuwa mengi yakawa ugonjwa mmoja.

Slaidi ya limfoma ya Burkitt ukiiona mara moja huisahau. Ni uwanda wa seli za samawati zilizobanana, zinazolingana, na kati yake kuna madoa meupe ya seli kubwa zinazokula mabaki ya zilizokufa. Wataalamu huuita mwonekano wa anga lenye nyota. Vinyama vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London ndivyo vilivyowawezesha Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr kutangaza, mwaka 1964, virusi vinavyoitwa leo Epstein-Barr. Baadaye ikajulikana pia kuwa katika wagonjwa wengi kipande cha kromosomu 8 huwa kimehamia kromosomu 14, na jeni inayoitwa MYC, inayochochea seli kugawanyika, haizimiki tena.

Anga lenye nyota, hata hivyo, huonekana pia katika saratani nyingine zinazokua kasi. Hapo hutumiwa kingamwili za maabara: kila moja hunasa protini yake, na ikinasa huacha rangi ya kahawia. Burkitt itakuwa ya kahawia kwa protini ya CD20, na kwa protini ya Ki-67, inayoonyesha seli zinazojigawa, karibu slaidi nzima hugeuka kahawia. Kwa saratani ya titi kipimo hiki huchagua dawa moja kwa moja: viini vikiwa na vipokezi vya homoni ya estrojeni, mgonjwa anafaa kwa tamoksifeni, utando wa nje wa seli ukijaa protini ya HER2, anafaa kwa trastuzumabu. Ila kila rangi ya ziada ina gharama yake na siku zake, na si kila maabara inayo.

Katika ripoti kuna maneno mawili yanayochanganywa sana. Daraja huonyesha jinsi seli zilivyoacha asili yake: katika titi hutolewa alama 1 hadi 3 kwa mambo matatu, na jumla ya 8 au 9 ni daraja la tatu. Hatua huonyesha ugonjwa umefika wapi mwilini. "Daraja la tatu" si "hatua ya tatu", na jamaa wengi wamelia bure kwa kutotofautishiwa.

Kipo kipimo cha haraka: mgonjwa akiwa bado mezani, kinyama hugandishwa na kukatwa, na jibu hurudi ndani ya nusu saa hivi. Ubora wake ni mdogo, kwa hiyo hutumika pale tu jibu litakapobadilisha upasuaji unaoendelea.

Bloku ya nta haitupwi baada ya jibu. Hutunzwa maabara kwa miaka, na inaweza kukatwa tena kwa vipimo vipya. Mgonjwa anayehamia hospitali nyingine, au anayetaka mtaalamu wa pili aangalie, aulize utaratibu wa kupata bloku na slaidi zake pamoja na ripoti. Mara nyingi hilo humwepusha na kukatwa upya.