Nywila Mbili za Ruta: Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Wi-Fi ya Nyumbani na Mitandao ya Watu

Fundi wa kampuni ya intaneti akimaliza kazi huondoka haraka, kwa sababu ana nyumba nyingine za kwenda kufunga siku hiyo hiyo. Ameshatoboa ukuta, amepitisha waya, ameiweka ruta juu ya kabati la runinga na kumwonyesha mwenye nyumba karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya kifaa. Karatasi hiyo kwa kawaida huwa na taarifa za aina mbili: jina la Wi-Fi pamoja na nywila yake, kisha anwani ya tarakimu, mara nyingi 192.168.1.1, pamoja na jina na nywila za kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe. Ile ya kwanza familia nzima huikariri kabla jua halijazama. Ya pili haisomwi na mtu, na kwa maoni yangu dhana potofu nyingi kuhusu usalama wa Wi-Fi huota hapo hapo, kwa kuwa mtu anayedhani ruta ina nywila moja tu hawezi kujua ni kitu gani hasa anachokilinda.

Dhana: Jirani akiingia kwenye Wi-Fi yangu, hasara ni bando tu

Bando ndilo hasara ndogo kuliko zote, na kwa anayelipia mwezi mzima bila kikomo cha data huenda hasara hiyo isionekane kabisa. Ukweli ni kwamba aliyeunganishwa na mtandao wa nyumbani huhesabiwa na vifaa kuwa ni mwenyeji: printa, kamera ya getini, runinga janja na kompyuta yenye mafaili yaliyofunguliwa kwa ajili ya watu wa nyumbani havimbani kama ambavyo vingembana mtu wa nje. Anaweza pia kuandika ile anwani ya 192.168.1.1 kwenye kivinjari chake, akajaribu "admin" kama jina na "admin" kama nywila, na mlango ukafunguka.

Akishafika hapo, jambo baya zaidi analoweza kufanya halina kelele. Mtu anapoandika jina la tovuti, simu yake huuliza kwanza seva ya DNS, ambayo hufanya kazi ya kitabu cha namba za simu: hupewa jina, nayo hurudisha namba ya mahali tovuti ilipo. Kwa kawaida ruta ndiyo inayoziambia simu na kompyuta za nyumbani zimuulize nani. Kwa hiyo anayebadilisha mpangilio huo mmoja anaweza kuwaelekeza watu wa nyumba nzima kwenye kurasa za bandia bila kugusa simu ya yeyote kati yao. Mwaka 2011 FBI, Shirika la Upelelezi la Marekani, lilivunja genge lililokuwa likitumia kirusi kilichoitwa DNSChanger kufanya ujanja wa aina hii. Kirusi hicho kilikuwa kimeingia kwenye kompyuta zipatazo milioni 4 katika nchi zaidi ya 100, na kilikuwa na uwezo wa kubadili hata ruta zilizoachwa na nywila za kiwandani.

Upo pia upande wa sheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, na Kenya nayo ina sheria yake ya mwaka 2018 yenye katazo kama hilo, kwa hiyo jirani anayekisia nywila yako hafanyi utani. Hata hivyo, akitumia mtandao wako kumtapeli mtu, anwani ya intaneti inayoonekana upande wa pili si ya simu yake bali ni ya laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na maelezo ya kwanza utatakiwa uyatoe wewe.

Dhana: Nimeweka nywila, kwa hiyo nimemaliza

Hapa pana mambo mengi, nami nitakaa kidogo. Watu wengi humfikiria mwizi wa Wi-Fi kama mtu aliyesimama nje ya ukuta akiandika nywila moja baada ya nyingine hadi achoke, lakini sivyo inavyofanyika. Katika WPA2, mfumo wa kulinda Wi-Fi ambao bado upo kwenye ruta nyingi, simu na ruta hubadilishana ujumbe mfupi mara nne zinapounganishwa. Mwenye kompyuta na programu inayofaa huunasa ujumbe huo hewani, huenda nao kwake, na huko hukisia nywila kwa utulivu bila ruta kujua lolote. Kadi ya michoro iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta huweza kujaribu mamia ya maelfu ya nywila kwa sekunde.

Sasa tuichukue nywila ambayo pengine ndiyo inayopendwa kuliko zote katika miji yetu, yaani namba ya simu ya mwenye nyumba. Ina tarakimu 10, nayo inaonekana ndefu. Lakini kila mtu anajua kwamba inaanza na 07, hivyo zilizobaki za kukisia ni tarakimu 8, ambazo ni namba milioni 100 tu. Kwa kasi ya majaribio 300,000 kwa sekunde, namba zote hizo humalizika katika muda usiofika dakika 6. Ukiongeza zile zinazoanza na 06 kwa Tanzania, au 01 kwa Kenya, muda unakuwa mara mbili, na huo bado ni muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Na hapo tumemchukulia mwizi kuwa mgeni kabisa, ilhali jirani tayari anayo namba yako kwenye simu yake.

Kinachomshinda mkisiaji ni urefu usiotabirika. WPA2 hukubali nywila ya herufi 8 hadi 63, na maneno manne au matano ya Kiswahili yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu na si kwa kunukuu methali au wimbo, humpa kazi kubwa kuliko jina la mtoto lililofuatwa na mwaka wake wa kuzaliwa. Tena mgeni huyakumbuka bila taabu.

Nywila nzuri nayo huvuja kwa njia ya ukarimu. Siku moja nilifungua mipangilio ya ruta yangu na kukuta vifaa 14 vimeunganishwa katika nyumba ya watu wanne. Sikuwa nimeibiwa chochote. Mpwa wangu alikuwa amewaonyesha rafiki zake msimbo wa QR ambao simu janja za siku hizi hutengeneza kwa ajili ya kugawana Wi-Fi, nao wakawaonyesha wenzao, kwa kuwa kila anayeupokea anaweza kuugawa tena, na simu nyingi huandika nywila yenyewe kwa herufi za kawaida chini ya msimbo. Dawa yake si kumgombeza mtoto. Ruta nyingi zina sehemu ya kufungua mtandao wa pili wa wageni, wenye jina na nywila yake, ambao aliye ndani yake hupata intaneti bila kuvifikia vifaa vya nyumbani. Nywila ya wageni hubadilishwa wakati wowote, na hakuna haja ya kuanza kuiunganisha upya runinga.

Kabla ya kutoka kwenye ukurasa huo wa mipangilio, itafute WPS na uizime. Ni njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba ya siri ya tarakimu 8. Mwaka 2011 ilifichuliwa kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili, hivyo anayejaribu hahitaji majaribio mamilioni bali yasiyozidi 11,000. Nywila yako ya maneno matano haisaidii kitu ikiwa mlango huo umebaki wazi pembeni yake.

Dhana: Nikilificha jina la Wi-Fi, hakuna atakayeiona

Atakayeshindwa kuiona ni bibi yako aliyekuja kukutembelea. Ruta iliyofichwa jina huendelea kutoa mawimbi, na simu zako, kwa kuwa haziwezi kuisikia ikijitaja, hulazimika zenyewe kulitaja jina hilo zikiitafuta, hata zikiwa kwenye daladala. Orodha ya anwani za MAC zinazoruhusiwa, yaani namba ambazo kila kifaa hujitambulisha nazo kwa ruta, nayo ni ya aina hiyo hiyo: anwani hizo husafiri hewani bila kufichwa, mtu huweza kuiga mojawapo, na simu mpya hujibadilishia anwani kwa kila mtandao, jambo linaloifanya orodha iwasumbue wenye nyumba kuliko wavamizi.

Dhana: Ruta ikishafungwa haihitaji kuguswa

Ruta ni kompyuta ndogo isiyozimwa usiku wala mchana, na programu iliyomo ndani yake huzeeka. Mfumo wa kwanza wa kulinda Wi-Fi, WEP, ulikuja mwaka 1997 na udhaifu wake mkubwa ukaanikwa mwaka 2001. WPA2 ilikuja mwaka 2004, na mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha KU Leuven nchini Ubelgiji akaonyesha kasoro iliyopewa jina la KRACK, ambayo iliweza kuzibwa kwa masasisho, ya simu na kompyuta hasa. WPA3 ilitangazwa mwaka 2018. Anayekuta neno WEP kwenye mipangilio ya ruta yake leo ajue kwamba anatumia kufuli lililovunjwa zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Ile nywila ya pili inarudi hapa. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kilikusanya jeshi la kamera na ruta kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, na mwezi Oktoba mwaka huo jeshi hilo likatumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikiendesha seva za DNS za tovuti nyingi, tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Mwezi Mei 2018 kikafichuliwa kingine, VPNFilter, kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000 katika nchi 54. FBI liliwashauri watu wazime na kuwasha ruta zao, nao ushauri huo ulisaidia kwa sehemu tu, kwa sababu kipande cha kwanza cha kirusi hicho kiliweza kubaki hata baada ya umeme kukatika. Wenye vifaa hivyo hawakuona dalili yoyote, na intaneti yao iliendelea kufanya kazi.

Dhana: Wi-Fi ya mgahawa ni salama ikiwa ina nywila

Nywila iliyoandikwa kwa chaki ukutani inajulikana na kila aliyeagiza kahawa. Katika WPA2, anayeijua na akakunasa wakati unajiunga huweza kuyafumbua mawasiliano yako ya hewani. Tena anaweza kufungua hotspoti yake yenye jina lile lile na nywila ile ile, na simu yako, ambayo inalikumbuka jina hilo tangu wiki iliyopita, ikajiunganisha nayo bila kukuuliza. Ndiyo maana inafaa kuifanya simu isahau mitandao ya watu baada ya kuitumia, hasa ile isiyo na nywila.

Hata hivyo, ipo dhana ya upande wa pili inayoenezwa kwa kishindo, kwamba ukigusa tu Wi-Fi ya watu akaunti yako ya benki inakombwa papo hapo. Hofu hiyo ilikuwa na msingi mkubwa zaidi zamani. Mwezi Oktoba 2010 mtaalamu wa programu Eric Butler alitoa kiambatisho cha kivinjari cha Firefox kilichoitwa Firesheep, ambacho kilimwezesha mtu yeyote aliyekaa kwenye mtandao wa wazi kuingia katika akaunti za Facebook na Twitter za waliokaa meza za jirani, kwa kubofya mara mbili tu. Tangu hapo tovuti nyingi zimehamia HTTPS, njia inayofumba mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti, na anayekuchungulia kwa kawaida huona jina la tovuti unayoitembelea na muda unaokaa hapo, lakini haoni unachokiandika. Alama ya kufuli kwenye kivinjari humaanisha hivyo tu: mazungumzo yamefichwa. Haimaanishi kwamba unayezungumza naye ni mwaminifu, maana tapeli naye huweza kupata kufuli bila malipo.

Kwa hiyo hatari kubwa ya mgahawani imehamia kwenye kile unachokiandika mwenyewe. Ukurasa wa kukukaribisha ukitaka namba yako ya simu, amua kama intaneti ya nusu saa ina thamani hiyo. Ukitaka namba ya siri ya pesa za simu, au tarakimu zilizotumwa kwako kwa ujumbe mfupi, funga ukurasa, kwa sababu hakuna Wi-Fi inayohitaji vitu hivyo. Na kwa mwenye wasiwasi wa kutuma pesa akiwa hapo, menyu ya kupiga nyota 150 nyota 00 reli hupita kwenye mtandao wa simu, haipiti kwenye Wi-Fi hata kama umeunganishwa. Ni programu ya kwenye simu tu ndiyo inayopita huko, nayo hufumba mawasiliano yake.

Kuhusu hali fiche ya kivinjari (incognito), kazi yake ni kutoacha kumbukumbu kwenye kifaa chako, basi. VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako yakiwa yamefumbwa hadi kwenye seva ya mtu mwingine, humficha mwenye mgahawa unakokwenda, lakini humwonyesha mwenye VPN, na sioni sababu ya kumwamini mtu asiyejulikana anayetoa huduma hiyo bure kuliko kumwamini muuza kahawa.

Dhana: Wi-Fi ya mwenye nyumba ni kama ya kwangu, kwani imo kwenye kodi

Wapangaji wengi hupata intaneti kwa njia hii, ruta moja ikihudumia vyumba sita au kumi. Mwenye nyumba hawezi kusoma ujumbe wako wa WhatsApp, ambao tangu mwaka 2016 hufumbwa kutoka simu hadi simu, lakini anaweza kuona jina la simu yako, saa unazokuwa hewani na, akipenda kutafuta, majina ya tovuti unazotembelea. Wapangaji wenzako nao wako ndani pamoja nawe, kwa hiyo kompyuta yako iambie kwamba huo ni mtandao wa umma, nayo itaacha kujitangaza kwa wengine.

Kisha angalia ruta yenyewe imewekwa wapi. Mara nyingi huning'inizwa koridoni ili kila chumba kipate mawimbi, na nyuma yake kuna tundu dogo lenye kitufe cha kuirudisha katika hali ya kiwandani. Anayekibonyeza kwa ncha ya kalamu kwa sekunde kama 10 hufuta nywila zote mbili, hata ziwe ndefu kiasi gani, na zinazorudi ni zile zilizoandikwa kwenye karatasi ya chini.