"Lakini hauumi": maswali kuhusu saratani na tiba zake

Katika kliniki ya saratani ninakofanya kazi ya uuguzi, kauli ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Sista, uvimbe niliuona siku nyingi, ila ulikuwa hauumi." Anayeisema mara nyingi amekuja kwa sababu sasa unauma, au umepasuka na kuanza kutoa harufu. Haya ni maswali ninayoulizwa na wagonjwa na ndugu zao, pamoja na majibu ninayowapa.

Saratani ni nini?

Ni seli za mwili wako mwenyewe zilizopoteza kiasi. Seli ya kawaida huzaliana kwa kipimo na ikichakaa hufa. Hizi hazifi kwa wakati wala haziachi kuzaliana. Hujirundika, hupenya kwenye nyama ya jirani, kisha nyingine hubebwa na damu hadi viungo vya mbali. Kumwosha mgonjwa, kula naye sahani moja au kulala naye kitanda kimoja hakukupi saratani. Tafadhali msiwatenge.

Kansa na saratani ni vitu viwili?

Ni kitu kimoja, majina mawili. Lakini aina zake ni zaidi ya 100, na huitwa kwa mahali zilipoanzia. Saratani ya titi ikifika kwenye mfupa wa mgongo haigeuki kuwa saratani ya mfupa. Ni ya titi iliyohamia, na hutibiwa kama ya titi.

Nyingi huanzia kwenye ngozi au kwenye kuta za viungo vya ndani: matiti, shingo ya kizazi, tezi dume, mapafu, koo la chakula, utumbo mpana. Hizo huitwa kasinoma. Zinazoanzia kwenye mfupa, misuli au mafuta ni sakoma. Limfoma hushika tezi za limfu, zile za shingoni, kwapani na kwenye kinena. Lukemia ni ya damu, na mara nyingi haina uvimbe wa kushika: huja na homa zisizoisha, upungufu wa damu na michubuko ambayo mtu hajui ameipata wapi.

Uvimbe wangu hauumi. Si ina maana sio saratani?

Hapana. Nasema tena, hapana. Saratani ikiwa changa kwa kawaida haiumi. Maumivu huja uvimbe unapokandamiza mshipa wa fahamu, unapokula mfupa, unapopasua ngozi au kuziba njia. Yaani maumivu huchelewa kufika kuliko ugonjwa. Jipu huuma mapema kwa sababu lina uambukizo na usaha. Uvimbe wa saratani kwenye titi unaweza kukaa miezi bila kukunyima usingizi hata usiku mmoja, na wakati huo wote unakua. Uvimbe mgumu, usiosogea vizuri ukiusukuma, usiouma: huo ndio unaotushtua sisi.

Na naomba, kwa heshima zote, muache kuukanda na maji moto, kuuchua, kuuchanja na kuubandika dawa. Nimefungua vitambaa nikakuta ngozi ya titi imeungua kwa dawa ya kubandika, na chini yake uvimbe upo palepale, mkubwa zaidi. Aliyekuja na kidonda hicho alikuwa ameuona uvimbe ukiwa kama punje. Aliuacha kwa sababu hauumi.

Basi mbona mwili haukunionya?

Mara nyingi ulionya, kwa njia isiyouma. Chuchu iliyoingia ndani wakati zamani ilikuwa nje, au inayotoa damu. Damu ukeni baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kabisa. Kidonda mdomoni kilichopita wiki 3 bila kupona. Chakula kigumu kinachokwama kifuani, ukaanza kukisukuma na maji, kisha ukahamia vyakula laini bila kumwambia mtu. Kwa mtoto, mng'ao mweupe ndani ya mboni ya jicho, ambao wazazi wengi huuona kwanza kwenye picha.

Na damu kwenye choo. Hii inanikera zaidi, kwa kuwa ina jina tayari: bawasiri. Mtu anajitibu bawasiri mwaka mzima kwa dawa ya kupaka, na hajawahi kupimwa kwa kidole wala kwa kamera ya utumbo. Bawasiri ipo, ni kweli. Lakini ya kwako ni nani aliyeiona?

Wanasema ukichukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, saratani inasambaa.

Najua imani hii inatoka wapi. Ndugu alipelekwa, akakatwa kinyama, baada ya miezi michache akafariki, na familia ikahesabu kuanzia siku ya kukatwa. Ihesabuni kuanzia siku uvimbe ulipoonekana. Wengi wa hao walifika ugonjwa ukiwa umeshahama, na kinyama kilikuja kuupa jina tu. Bila kinyama daktari hajui ni aina gani, na asiyejua aina hawezi kuchagua dawa.

Hatua ya 1 hadi ya 4 maana yake nini?

Ni ukubwa wa ugonjwa na umbali uliofika. Hatua ya 1 bado uko nyumbani kwake. Ya 4 umehamia viungo vya mbali. Katika hatua za mwanzo saratani nyingi hutibiwa kwa lengo la kuponya kabisa. Katika ya 4, kwa aina nyingi, tunatibu ili kuuzuia, kurefusha maisha na kuondoa mateso. Na ni katika hatua za mwanzo ndipo uvimbe huwa hauumi.

Inatibiwaje?

Upasuaji huondoa uvimbe uliokaa mahali pamoja. Mionzi hulenga eneo na kuharibu seli zake. Kwa kawaida mgonjwa huja siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Mionzi ya mashine ya nje haiumi wakati inapopigwa, na haikufanyi uwe hatari kwa watoto nyumbani. Kemo ni dawa zinazozunguka mwili mzima, hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki 3. Zipo pia dawa za homoni, dawa zinazolenga alama maalumu juu ya seli, na zinazoamsha kinga ya mwili.

Wengi hupewa zaidi ya moja. Kwa hiyo usishangae jirani mwenye saratani ya titi kama wewe kupewa vidonge vya tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni, na wewe ukanyimwa: huenda uvimbe wake unalishwa na homoni na wako haulishwi. Tiba shufaa, ya kutuliza maumivu na dalili, haimaanishi tumekata tamaa. Inaweza kuanza siku moja na kemo.

Kemo si ndiyo inayoua?

Kemo ni kali, sitakuficha. Nywele hudondoka kwa baadhi ya dawa, kisha huota. Kichefuchefu kina dawa zake. Hatari kubwa ni kinga kushuka: joto la mwili likifika nyuzi 38 ukiwa kwenye kemo, njoo hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usimeze dawa ya homa ukalala. Na usiache katikati kwa kuwa uvimbe umesinyaa. Kusinyaa maana yake dawa inafanya kazi, na kazi haijaisha.

Sina dalili yoyote. Nipime nini?

Kwa mwanamke, shingo ya kizazi kwanza. Karibu saratani zote za hapo husababishwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa tendo la ndoa, na huchukua miaka mingi kujengeka bila wewe kuhisi chochote. Kipimo huona mabadiliko kabla hayajawa saratani, yakaondolewa. Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapewe chanjo ya virusi hivyo, na kupima wanawake wote kuanzia miaka 30. Wanaoishi na VVU kuanzia 25.

Nisubiri kidogo nione kama utaisha?

Kama unapata hedhi na uvimbe wa titi umetokea karibu na siku zako, unaweza kuangalia mara moja baada ya siku kuisha. Ukiwa bado upo, nenda. Kwa mwingine yeyote, nenda wiki hii. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, na hakuna atakayekusema kwa kuja na kisicho kitu. Ukifika, usianze na "kauvimbe tu, hata hakaumi". Taja tarehe uliyouona na jinsi ulivyobadilika. Ukipewa antibiotiki na uvimbe ukabaki baada ya dozi, rudi. Uliza kama kinyama kitachukuliwa, siku gani, majibu yatatoka lini na utamfuata nani kuyasoma. Iandike tarehe hiyo kabla hujatoka chumbani.