Filamu ya wasifu si filamu ya makala

Filamu ya wasifu ni mchezo wa kuigiza uliojengwa juu ya maisha ya mtu aliyeishi kweli, ambamo waigizaji husema maneno waliyoandikiwa na mtunzi. Fasili yenyewe haina ugumu. Linalokera ni mazoea ya kuichanganya na filamu ya makala, ambayo hutuwekea mbele watu wenyewe, sauti zao na nyaraka zao, kisha mtu akainuka kitini akiamini kwamba ameshuhudia historia.

Mfano mzuri ni filamu ya mwaka 2012 iitwayo Hitchcock, iliyoongozwa na Sacha Gervasi, ambamo Anthony Hopkins anamwigiza mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock na Helen Mirren anamwigiza mkewe, Alma Reville, wakati Psycho, filamu ya kutisha ya Hitchcock, ikitengenezwa. Walioitazama husimulia kwamba Hitchcock alipougua, Alma aliingia studio akashika usukani. Ni kweli kwamba Hitchcock aliugua. Hata hivyo, kwa maelezo aliyompa mwongozaji Mfaransa François Truffaut, aliwaachia mpiga picha na msaidizi wake tukio la mpelelezi anayepanda ngazi, walipige kwa kufuata michoro ya msanii Saul Bass. Alipoziangalia picha hizo, mkono juu ya kishikio na miguu ikikanyaga vidato, aliona kwamba zinamfaa muuaji anayenyemelea, ilhali huyu ni mtu asiye na hatia anayekwenda kuuawa, naye akazikataa.

Mtunzi hakusema uongo kwa kumweka Alma pale, kwa sababu mada yake ni ndoa, na mvutano wa mume na mke unahitaji mahali pa kuonekana kwa macho. Filamu hiyo hiyo inamkutanisha Hitchcock na muuaji Ed Gein, ambaye kisa chake kilichochea Psycho, katika mazungumzo ya fikrani, na hakuna mtazamaji anayedai kwamba mazungumzo hayo yalifanyika. Ajabu ni kwamba uangalifu huo huishia hapo, na tukio la studio, kwa kuwa linafanana na maisha, likapokewa kama ushahidi.

Anayepunjwa ni Alma mwenyewe. Alianza kazi ya filamu kabla ya mumewe, akiwa mhariri, na baadaye akaandika miswada, ukiwemo wa Shadow of a Doubt ya mwaka 1943 alioshirikiana na wengine. Mwaka 1979, alipotunukiwa na Taasisi ya Filamu ya Marekani, Hitchcock aliomba awataje watu wanne tu: mhariri wa filamu, mwandishi wa miswada, mama wa binti yake na mpishi hodari, na wote wanne walikuwa Alma. Mwongozaji hakuwamo katika orodha hiyo.

Kwa hiyo anayesimulia aseme kwamba katika filamu Alma anaongoza, wala asiseme kwamba Alma aliongoza.