Kwa nini harufu ya Idi humrudisha mtu utotoni

Asubuhi ya Idi, ukipita vichochoro vya Mkomani au Langoni hapa Lamu, nyumba iliyoamka hujulikana kabla ya mlango kufunguliwa: iliki ya mahamri, udi, asumini zilizolazwa katika kitambaa kibichi. Harufu hiyo ikimfikia mtu wa miaka 60, huona papo hapo kanzu mpya inayomkwaruza shingo na mkono wa nyanya ukimpaka halud, yale mafuta ya manukato.

Sababu imo kichwani. Juu kabisa ndani ya pua kuna ngozi laini yenye neva za kunusa. Linda Buck na Richard Axel walieleza mwaka 1991 jinsi vipokezi vya harufu vilivyo vya aina nyingi, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu ana aina zipatazo 400. Tunachokiona na kukisikia hupita kwanza kituo cha katikati ya ubongo. Harufu haipiti huko kwanza, huenda moja kwa moja jirani na sehemu zinazotunza hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana furaha huja kabla jina la harufu halijaja. Na kumbukumbu hizo mara nyingi ni za kabla ya umri wa miaka 10, kwa hiyo Idi ya mtoto ni ya kuangaliwa sana.

Udi ule ule ukifukizwa kila siku, hauwi tena wa Idi. Tengeni mmoja wa sikukuu tu.

Kufukiza nako kuna kipimo. Makaa yawashwe nje mpaka yafunikwe na jivu jeupe, kisha vipande viwili viingie chetezoni na kunyunyiziwa jivu kidogo. Udi utoshe ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ukiwekwa juu ya kaa jekundu tupu, sukari ya udi wa kupika huungua na uchungu wake hufunika kila kitu. Baada ya dakika chache utadhani harufu imekwisha. Usiongeze: ni pua iliyozoea. Toka barazani kidogo, urudi, utaikuta. Madirisha yawe wazi, na chetezo kisilale chumbani na watu, kwani makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, inayoua na haina harufu. Mwenye pumu asifukiziwe; mpe asumini. Vikonyo vyake huchumwa alasiri, maana hufunguka jioni.

Iliki itwangwe siku ile ile. Ya unga iliyokaa koponi imeshapoteza mafuta yake mengi, na tui zito la nazi ndilo linaloyashika yaliyobaki katika hamri.

Aliyepoteza uwezo wa kunusa baada ya mafua makali au Korona ajaribu mazoezi: karafuu, limau, waridi na mkaratusi, kila kimoja anuse taratibu kwa sekunde 20 hivi, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi. Si wote wanaopona, lakini wengi huacha mapema mno.

Na mzee aliyeanza kusahau, mtie mkononi kikuba, kile kishada cha asumini, ukae naye kimya. Usimuulize kama anakumbuka. Swali hilo humtia aibu. Muulize ni nani aliyekuwa akitunga asumini nyumbani kwao.